Kishale Kilikuwa Wapi

Swali lililoninyima usingizi tangu Ijumaa ile lilikuwa fupi, lingeulizika kwa pumzi moja: nilipobofya, kishale kilikuwa wapi?

Si kishale changu. Changu nilikiona. Nauliza kile kingine, cha mlimani.

Inabidi nieleze kwa utaratibu, maana hata shangazi yangu, ambaye ninaishi kwake hapa Same, alinisikiliza siku mbili nzima kabla ya kukiri kwamba hajaelewa hata neno moja. Nilikuwa na miezi minne ya mafunzo kazini katika ofisi ndogo inayotunza kompyuta za watu wengine: shule, maduka ya dawa, na kituo kimoja cha afya kilichoko juu milimani, upande wa Upare Kusini. Kituo hicho kina seva moja. Ndani yake mna diski mbili, za ukubwa uleule, za kiwanda kilekile, zilizonunuliwa siku moja. Ya kwanza hubeba programu zinazoiwezesha mashine kuamka. Ya pili hubeba kumbukumbu za wazee wa presha na sukari wanaokuja kliniki kila Alhamisi: nani anatumia dawa gani, ipi ilimvimbisha miguu, ipi ilibadilishwa na kwa nini. Kumbukumbu hizo ziliingizwa kwa vidole viwili, kwa miaka mitano, na mama mmoja wa masjala. Wazee wenyewe wana kadi yenye namba tu. Ukimuuliza mmoja wao anakunywa dawa gani, anakujibu, "Vile vyeupe."

Wiki ile umeme ulikatika na kurudi mara nyingi, seva ikagoma kuamka. Kazi ikawa kuisafisha diski ya kwanza na kuweka programu upya, bila kuigusa ya pili. Kupanda haikuwezekana. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo barabarani chini kidogo ya kituo, na malori ya tangawizi yalikuwa yamekwama upande wa juu. Bosi wangu alikuwa Dodoma kwenye semina. Nikabaki mimi.

"Utaingia kwa mbali," aliniambia kwa simu. "Si umeshawahi kufanya?"

"Mara moja, bosi. Na ulikuwa umekaa pembeni yangu."

"Basi fikiria nimekaa pembeni."

Kuingia kwa mbali ni jambo linalonishangaza mpaka leo, ingawa nilifaulu mtihani wake chuoni. Ndani ya seva kuna kadi ndogo inayobaki macho hata seva yenyewe ikiwa imelala. Ukiwa na nywila unaiita kadi hiyo kwa intaneti, nayo inakuletea picha ya skrini ya seva kwenye laptopu yako. Unachapa ukiwa Same, herufi zinatokea mlimani. Unaweza hata kuidanganya seva: unachagua faili iliyo kwenye laptopu yako, na kadi inaiambia seva kwamba mtu ameingiza CD. Hakuna CD, wala hakuna mtu aliyekaribia mashine. Seva inaamini. Mimi niliiita CD ya hewa.

Ubaya wa CD ya hewa ni safari yake. Kila kipande ambacho seva inataka kukisoma kinatoka kwangu, kinapanda mlima kwa mtandao wa simu, kinafika kimechoka. Mtandao ukipepesa kidogo tu, seva inadhani CD imechomolewa, na kazi inaanza upya. Ijumaa ile ilichomoka mara tatu. Mara ya nne, ilipokaribia saa kumi na moja jioni, tulifika kwenye ukurasa wa kuchagua diski: mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja una unene wa kidole, na chini yake kitufe cha kufuta na kuendelea.

Hapo ndipo vishale vilipokuwa viwili. Kimoja cha laptopu yangu, kingine cha seva, kinachofuata cha kwangu kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni, mara karibu, mara amebaki nyuma kwenye machungwa. Nikasogeza, nikangoja, nikasogeza tena. Nikabofya mstari wa juu. Nikabofya kitufe. Wakati huohuo picha ikaganda, ukaja ujumbe kwamba CD imeondolewa. Nikampigia mama wa masjala, nikamwomba ashikilie kitufe cha kuzimia mpaka taa zote zizimike, ili kama kuna kinachofutwa kisimame hapo. Akaizima.

Kama kishale cha mlimani kilikuwa mstari wa juu, nilifuta nilichotumwa kufuta. Kama kilikuwa mstari wa chini, nilianza kufuta miaka mitano ya mama yule, na Alhamisi wazee wangekuja na kadi zao zenye namba ambazo hazina mtu nyuma yake.

Bosi alipouliza, nilimwambia, "Mtandao umekatika, bosi. Nitaendelea wiki ijayo." Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo sababu liliniuma zaidi.

Shangazi aliniona Jumamosi nikichora mistari miwili nyuma ya daftari lake la vikoba.

"Unaumwa?"

"Hapana, shangazi."

"Basi una mtu."

"Sina mtu. Nina kishale."

Akaenda kuzima jiko. "Chuo hiki," akasema kwa mtu ambaye hakuwepo chumbani, "tulilipa mbuzi wangapi?"

Jumapili kanisani nilijikuta napima umbali kati ya mistari miwili ya kitabu cha nyimbo kwa ukucha. Nilikuwa nikijiuliza mambo mengi kwa mpigo. Je, kompyuta inajuaje kishale kipo wapi? Nilidhani najua. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye karatasi na kupata alama zote. Lakini kujibu swali na kujua ni vitu viwili, na ule mpasuko kati yake ulianza kunivutia kuliko ulivyonitisha. Nilitaka kuona kwa macho yangu kilichotokea ndani ya zile sekunde mbili.

Jumatatu niliwahi ofisini kabla ya upepo wa Same kuanza kurusha vumbi. Kwenye stoo yetu kuna seva kuukuu ya aina ileile ya mlimani. Tulikuwa tunaiita Mzee, na kazi yake kwa miaka ilikuwa kubeba birika la chai. Nikaondoa birika. Nikamfuta Mzee vumbi, nikamtia diski mbili tupu, nikamwasha, kisha nikakaa chumba cha pili na laptopu yangu nikamwita kwa mtandao kama vile yuko mlimani.

Fundi wa printa, mtu mzima mwenye utani mwingi ambaye tunashirikiana naye chumba, alikuja na kikombe mkononi akitafuta maji ya moto.

"Msomi, birika langu limehamishwa kikazi?"

"Nafanya jaribio, kaka."

"La nini?"

"Nataka kujua kishale kinakuwa wapi ukibofya."

Akachungulia skrini yangu, akaweka kidole chake chenye wino juu ya kishale. "Kipo hapa. Naomba birika."

Asubuhi nzima nilijifunza kile ambacho nilidhani nimeshajifunza. Mausi haisemi, "Kishale kiwe pale." Mausi inasema tu, "Nimesogea kidogo kulia." Laptopu yangu inasikia na kusogeza kishale chake, kisha inapeleka habari mlimani, na seva nayo inasogeza cha kwake kwa hesabu zake yenyewe. Seva ina tabia ya kuongeza mwendo ukivuta mkono haraka. Kwa hiyo watu wawili wanasikia maagizo yaleyale, mmoja anatembea, mwingine anakimbia. Nikavuta mausi polepole: vishale vikakaa pamoja. Nikaivuta haraka: cha Mzee kikapita mbele. Nikavisukuma vyote kwenye kona ya juu mpaka vikagonga ukuta, vikakutana tena. Nilifurahi sana kwa hilo la kona. Nikachukua karatasi ya miraba, nikaandika kila mvuto na kila umbali, na kufikia saa sita nilikuwa na ukurasa mzima uliosema jambo moja: kishale cha seva kikikosea, hukosea kwa kutangulia. Hakibaki nyuma, wala hakirudi.

Lakini Ijumaa kilikuwa nyuma ya changu. Nilikumbuka vizuri. Au nilikumbuka kwa sababu nilitaka kukumbuka?

Ndipo nikakumbuka picha. Ijumaa, nilipoona vishale viwili, nilipiga picha skrini ili niwaulize wenzangu wa chuo kwenye kundi letu. Sikuwatumia, niliona aibu. Nikafungua simu. Zilikuwapo mbili, kwa sababu ya kwanza ilitoka na mng'ao wa dirisha, na ya pili niliipiga nikiwa nimekinga mwanga kwa mkono wa kushoto. Kati yake zilipita sekunde chache.

Katika picha ya kwanza kishale cha seva kilikuwa mstari wa chini. Katika picha ya pili kilikuwa kwenye ufa kati ya mistari miwili.

Niliziangalia mpaka chai yangu ikapoa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika simu. Mkono wa kushoto ulikuwa unakinga mwanga. Sina mkono wa tatu. Nani alisogeza kishale?

"Kaka," nilimwita fundi, "kishale kinaweza kutembea chenyewe?"

"Kikiwa na mapepo, ndiyo."

"Kweli lakini."

Akaja, akatazama picha moja, akatazama ya pili. Alikuwa ameacha utani. "Mashine ina mausi yake huko ilipo?" akauliza.

Sikuwa nimelifikiria. Nilifikiria kila kitu, nikaacha hilo. Seva haijali habari imetoka kwa nani: mausi ya kwangu kwa mtandao, au mausi halisi iliyochomekwa nyuma yake. Inazisikiliza zote na kusogeza kishale kilekile.

Jumanne nilimpigia mama wa masjala. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, akapokea katikati ya kelele za majembe na vicheko. Ilikuwa siku ya msaragambo: kila nyumba imetoa mtu mwenye jembe au koleo kwenda kuondoa ule udongo ulioporomoka, na wafanyakazi wa kituo walikuwa humo pia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Subiri nitoke kwenye tope." Akamwambia mtu kitu kwa Chasu, lugha ya Upare Kusini, watu wakacheka. Mimi kwetu ni Ugweno, Chasu naambulia neno moja moja tu, kwa hiyo nilibaki najiuliza kama wamenicheka mimi. "Haya, sema."

"Ile seva ina mausi yake?"

"Inayo."

"Iko wapi, mama?"

"Juu ya mashine. Juu ya kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Kitambaa cha kufuma, cha duara, nilikifuma mwenyewe. Kifaa cha bei vile, tangu mmekileta kimekaa uchi kama jiwe. Hata redio ya nyumbani ina kitambaa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenisamehe kwa kutojua adabu. "Kuna shida?"

"Hakuna, mama. Nauliza tu. Mashine ikiwaka, inatetemeka?"

"Inanguruma. Na ile mausi yenu ina visirani. Kila asubuhi naikuta imesogea ukingoni, nairudisha katikati."

Nilikaa chini. Niliona kila kitu: feni za seva zinanguruma, bati linatetemeka, mausi imelala juu ya matundu ya uzi, taa yake nyekundu inatazama tundu moja, halafu uzi, halafu tundu lingine, na kila mara inamwambia seva kwa uaminifu kabisa, "Nimesogea kidogo."

Nilimwomba, akirudi kituoni, aichomoe mausi kwanza. Akasema sawa, ila kitambaa hakitoki.

Baada ya hapo ningepaswa kutulia. Lakini nilitaka kujua kishale kilikuwa kikienda upande gani, juu au chini, maana kati ya picha ya pili na kubofya zilipita sekunde nyingine. Kikiendelea kupanda, kingefika mstari wa juu. Mchana nikaenda nyumbani, nikavua kitambaa cha shangazi kutoka kwenye televisheni.

"Rudisha."

"Nusu saa tu, shangazi. Ni cha hospitali."

"Hospitali gani inaumwa kitambaa?"

Nikakitandika juu ya Mzee, nikaweka mausi, nikawasha. Fundi akavuta kiti. Kishale kikaanza kutembea. Tulikitazama kama watu wanaotazama konokono. Mara ya kwanza kilipanda. Nikaandika. Mara ya pili kilipanda na kwenda kushoto. Mara ya tatu kilipanda vizuri, moyo wangu ukaanza kupanda nacho. Mara ya nne kikasimama, kikageuka, kikashuka.

"Kimebadili mawazo," akasema fundi.

Tulirudia mpaka nikaacha kuhesabu. Mara nyingi kilipanda. Mara chache kilishuka. Hakuna karatasi ya miraba ambayo ingeniambia Ijumaa ilikuwa mara ya aina gani. Nilikuwa nimeelewa jinsi ilivyotokea mpaka uzi wa mwisho, na bado sikujua kilichotokea. Sikuwahi kujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa mbali hivyo.

Fundi alisuuza kikombe chake. "Mama wa masjala anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba hujui."

Nikajishughulisha na CD ya hewa, ambayo angalau ilikuwa na dawa. Tatizo lake lilikuwa umbali, kwa hiyo faili ikae karibu. Niliijaza kwenye flashi. Fundi akasema si mama achomeke tu hiyo flashi kwenye seva tumalize. Nilijaribu kwa Mzee kwanza, akaikataa, hakuiona kabisa, na ya mlimani ni ndugu yake. Ila kompyuta ya masjala iko chumba cha jirani na seva, waya wa hatua chache. Mama akiifungua kadi kutoka kwenye kompyuta yake na kuichagua faili hapo, CD itasafiri ukutani tu badala ya kupanda mlima.

Dereva wa bodaboda aliipeleka flashi alasiri, ikiwa ndani ya bahasha. Baadaye mama alinisimulia kwamba pikipiki ilifika mwisho wa tope ikashindwa, basi kijana akaiweka bahasha juu ya koleo la mtu wa kwanza, koleo likanyooshwa juu ya tope, mwingine akapokea kwa koleo lake, mpaka ikafika upande wa pili bila kuguswa na mkono. "Pokea hospitali yako, mama," walimwambia. Aliifuta kwa kanga akaiweka kifuani.

Jumatano saa tatu asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Seva ilikuwa bado imezimwa, haijawashwa tangu Ijumaa. Mausi yake imechomolewa. Faili iko kwenye kompyuta ya masjala, mama amekaa mbele yake, simu yake iko kwenye spika. Mimi nimekaa Same, vidole kwenye kibodi. Bosi akapiga kwenye simu ya ofisi.

"Umefikia wapi?"

"Tayari, bosi."

"Safi. Iwashe, chagua diski, malizia. Ukitulia ni nusu saa. Kesho kliniki, mganga wa kituo ameshanipigia mara mbili."

Ningeweza. Kwa kibodi nisingekosea mstari. Kama Ijumaa nilifuta ya kwanza, hakuna ambaye angejua kwamba niliwahi kuwa na shaka. Kama nilianza kufuta ya pili, ningeweza kusema umeme uliiharibu, na umeme wetu ungeaminika. Hili la pili lilinijia akilini likiwa limevaa nguo nzuri kabisa, limepangwa na sentensi zake. Lilinitisha kwa jinsi lilivyokuwa tayari.

Lakini wiki nzima nilikuwa nikisoma kuhusu diski, na kuna jambo moja nililokuwa nalijua sasa, si kwa mtihani. Diski iliyoanza kufutwa bado inaweza kuokolewa na mafundi wa kazi hiyo, mradi kitu kingine kisiandikwe juu yake. Na seva ikiamka ina kawaida ya kuandika vijimambo vyake popote inapoona nafasi, bila kuuliza. Kuiwasha ikiwa na diski zote mbili ndani ilikuwa kucheza na kitu ambacho si changu.

"Bosi," nikasema, "siiwashi."

"Hujaelewa?"

"Nimeelewa. Ijumaa nilibofya sehemu ya kufuta wakati vishale vimeachana. Sijui nilipata diski ipi. Nilikwambia mtandao ulikatika, ni kweli ulikatika, lakini nilikuwa nimeshabofya. Nataka diski ya pili ichomolewe kabla seva haijawaka."

Nyuma yake, Dodoma, nilisikia watu wa semina wakipiga makofi kwa jambo lao.

"Kwa nini hukusema Ijumaa?"

"Niliogopa, bosi."

"Mama anajua?"

Watu wawili walikuwa wameniuliza swali hilohilo. "Namwambia sasa hivi," nikasema.

Nilichukua simu nyingine, ile ambayo mama alikuwa akinisubiri. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayasoma mawili, nikaiacha karatasi. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, ila kwa ufupi: mistari miwili, vishale viwili, na kwamba yawezekana kazi yake ya miaka mitano imeguswa na mkono wangu.

"Tangu Ijumaa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Jumapili nimewatangazia wazee baada ya ibada. Nimewaambia Alhamisi waje, mambo yatakuwa tayari. Jana nakupigia hadithi za koleo, unacheka."

"Ndiyo."

"Na jana uliniuliza habari za kitambaa. Nikafikiri kumbe kosa ni langu. Nimelala nalo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika mambo yote niliyoyafikiria siku tano, sikufikiria kwamba yeye pia alikuwa amekosa usingizi, tena kwa kosa langu. Nikamwambia kosa ni la aliyebofya bila uhakika. Kitambaa hakikubofya.

Hakusema kwamba si neno. Nilisikia akisukuma kiti nyuma.

"Naingia kwenye mashine," akasema. "Nielekeze. Na usiniharakishe."

Nilikuwa nimemleta Mzee mbele yangu mezani ili nishike ninachomwambia ashike. Nikamwambia mbele ya seva kuna droo mbili nyembamba, ya kushoto na ya kulia. Tunataka ya kulia. Nikamwomba anisomee namba iliyoandikwa juu yake, akanisomea, nikailinganisha na ya Mzee, nikamwomba asome tena. Akasoma tena bila kulalamika. Kuna kibonyezo chekundu, akikibonyeza mkono mdogo utafunguka. Ukafunguka, niliusikia. Avute polepole, kwa mikono miwili, asitikise.

"Imetoka," akasema. "Ni nzito kuliko nilivyodhani."

"Iweke mahali pakavu, mama, penye kufuli."

"Kwenye kabati la dawa. Funguo ninayo mimi." Alikwenda, akarudi. Nilihesabu hatua zake.

Ndipo nikamwomba awashe, arudi kwenye kompyuta yake na kuichagua faili. CD ya hewa ilisomeka bila kukwama hata mara moja, kurasa zilikuja moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Tulifika ukurasa wa diski. Safari hii palikuwa na mstari mmoja tu, na pembeni yake maelezo madogo ya aina ambayo Ijumaa sikuisoma kwa kukimbizana na vishale. Diski ilikuwa imekatwa vipande vipya, hatua ya kwanza ya kufutwa, na kazi haijakamilika. Tarehe ilikuwa ya Ijumaa. Saa ilikuwa ya kubofya kwangu.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikamsomea mama kwa sauti, neno kwa neno, nikamweleza maana yake: Ijumaa nilipata ya kwanza. Ya kwake, iliyo kwenye kabati, haikuguswa.

Hakusifu, hakucheka. "Umesoma vizuri?"

"Mara tatu."

"Soma ya nne."

Nikasoma ya nne. Akasema, "Haya. Endelea, mimi nipo hapa."

Nikachomoa mausi ya laptopu yangu, nikaisukuma mbali na mkono. Nikaandika ujumbe kwa bosi kwamba diski ya pili iko nje na imefungiwa, na kwamba itarudishwa mwisho wa kazi mimi na mama tukiwa wote kwenye simu, si kabla. Halafu nikabonyeza Tab, kitufe cha kuhamia bila mausi, nikamtajia mama mstari uliowaka, akauona kwenye skrini yake, akaniambia ndio wenyewe. Nikabonyeza Enter.